Haki ya Kuomboleza katika Hekaya za Ajabu za Vijana

Kazi ya kutunga hekaya za ajabu kwa ajili ya vijana, jinsi ilivyoanza Uingereza katika karne ya 19 na kupevuka katika karne iliyofuata, iliasisiwa kwa sehemu kubwa na watu waliofiwa na mama zao wangali wadogo, na msomaji asiyelijua jambo hili atastaajabia farasi wasemao na pepo zenye sura ya binadamu, asitambue kwamba nyuma ya ajabu zote hizo kuna kitanda cha mgonjwa. George MacDonald, Mskoti aliyezaliwa Huntly mwaka 1824, alifiwa na mama akiwa na umri wa miaka 8, J. R. R. Tolkien, mzaliwa wa Bloemfontein katika Afrika Kusini, alimpoteza baba mwaka 1896 na mama mwaka 1904, akawa yatima kamili kabla ya kutimiza miaka 13, na C. S. Lewis, mtoto wa Belfast, alikuwa na miaka 9 pale saratani ilipomchukua mama yake mwezi wa Agosti mwaka 1908.

MacDonald, katika kitabu chake At the Back of the North Wind cha mwaka 1871, alimlaza mtoto wa mwendesha gari la farasi, jina lake Diamond, katika dari iliyo juu ya zizi, penye tundu ukutani karibu na kitanda, na kwa tundu hilo akamletea Upepo wa Kaskazini katika umbo la mwanamke mwenye nywele ndefu, mpole kwa mtoto, ilhali ndiye azamishaye merikebu pamoja na waliomo. Na mwisho wa kitabu Diamond anakutwa amelala sakafuni, watu wakisema amekufa, mwandishi akisema amekwenda nyuma ya upepo. Lewis, aliyemhesabu MacDonald kuwa mwalimu wake, alikawia zaidi kuligusa jeraha lake. Katika The Magician's Nephew, kilichotoka mwaka 1955, kijana Digory, ambaye mama yake yu mahututi mjini London, anasimama mbele ya Simba aliyeiumba nchi, akimwomba dawa. Kwa muda hatazami ila miguu ya Simba na makucha yake, kisha kwa kukata tamaa anainua uso, na kumbe macho ya mnyama yule yamejaa machozi makubwa kuliko ya kwake mwenyewe, hata kijana anadhani kwamba huenda Simba anamhuzunikia mama huyo kuliko amhuzunikiavyo mwanawe. Digory anapewa tofaa, na mama anapona. Lewis mwenyewe alikuwa ameomba dua kwa ajili ya mama yake mwaka 1908, na mama hakupona. Ikapita miaka 47 ndipo akampa mtoto wa kubuni kile alichonyimwa yeye, na mimi katika fasihi yote ya vijana siujui ukurasa uliogusa msiba wa zamani kwa adabu kubwa kuliko huo.

Lakini nyumba hii ya matanga ilikuwa na bawabu mlangoni. Waliokaribishwa kulia ndani yake walikuwa watoto wa rangi moja na dini moja, na watu wa rangi nyingine, kila walipotajwa, aghalabu walitajwa kuwa maadui au pambo la mandhari. Lewis huyo huyo, mwenye moyo mwororo kiasi hicho kwa Digory, aliumba katika The Horse and His Boy ya mwaka 1954 nchi ya Calormen, ambayo watu wake ni weusi wa nyuso, wenye ndevu, vilemba na panga zilizopinda, wakatili na wafanya biashara ya watumwa. Na msomaji wa mwambao wetu, akiufikia mji wa Tashbaan pamoja na minara yake, hana budi kuhisi kwamba waliochorwa humo ni jamaa zake, nao wamechorwa ili wasipendwe. Insafu yataka niseme kwamba Lewis alimweka katika nchi hiyo msichana shujaa, Aravis, na baadaye, mwaka 1956, kijana mwadilifu aitwaye Emeth. Hata hivyo, mtazame Aravis anapoitoroka nyumba ya baba yake ili asiozwe mzee asiyemtaka: anavaa silaha za kaka yake aliyeuawa vitani, alizokuwa amezihifadhi chumbani kwa kumkumbuka. Maombolezo mazima yamo katika silaha zile, dada akiziweka karibu na kitanda chake mwezi baada ya mwezi. Nayo yanatajwa kwa maneno machache, safari ikaendelea, na Simba hakuonekana akimlilia kaka yule wa Calormen.

Upande wa pili wa bahari, Marekani, hali haikuwa njema zaidi. Mwezi wa Septemba mwaka 1965 mtaalamu wa elimu Nancy Larrick alichapisha makala katika jarida la Saturday Review, akiianza kwa swali la mtoto mweusi wa miaka 5 aliyeuliza kwa nini watoto wa vitabuni ni weupe siku zote. Na katika vitabu zaidi ya 5,000 vilivyochapishwa kati ya mwaka 1962 na 1964, Larrick alikuta kwamba vile vyenye japo mtu mmoja mweusi, katika maneno au katika picha, vilikuwa asilimia 6.7, na vile vilivyosimulia maisha ya Wamarekani weusi wa zama zile havikufika hata asilimia 1. Wala hesabu hiyo haikuwa ya hekaya peke yake, ambamo mwandishi ana uhuru wa kuumba visiwa, lugha na miezi apendavyo, na kwa hiyo hana hata udhuru wa kudai kwamba aliwakosa watu weusi mtaani kwake.

Aliyeutumia uhuru huo mapema, kwa makusudi na kwa hila njema, ni Ursula K. Le Guin, aliyezaliwa Berkeley, California, mwaka 1929, binti wa Alfred Kroeber, bingwa wa elimu ya jamii za watu. Mchapishaji mmoja mdogo wa mji ule ule alimwomba atunge kitabu cha vijana, naye mwaka 1968 akatoa A Wizard of Earthsea, hekaya ya visiwa vingi ambamo mchawi kijana Ged ana rangi ya shaba iliyoiva, rafiki yake Vetch ni mweusi sana, na weupe ni maharamia wa Karg wanaokuja kuchoma vijiji. Le Guin hakulitangaza jambo hili mlangoni. Alimwacha msomaji mweupe auvae moyo wa Ged kwanza, aone fahari yake na aibu yake kana kwamba ni za nafsi yake, ndipo pole pole amjulishe ngozi aliyokuwa ameivaa.

Na katika kitabu hicho rangi na msiba vinakaa pamoja, ingawa wahakiki wengi wamezoea kuvitenga. Ged, akiwa visiwani Low Torning, anaitwa usiku kwa rafiki yake mjenga mashua, ambaye mwanawe mchanga anakata roho. Naye kwa huruma iliyopita mpaka anaifuata roho ya mtoto katika giza, akimwona anakimbia mbele yake kuteremka mlima, hata anatambua kwamba amevuka ukuta mfupi wa mawe utenganishao wahai na wafu, na kwamba mtoto harudi. Anarudi peke yake, akipanda kwa taabu, na mwili wake umelala kama maiti mpaka mnyama wake mdogo anamwamsha kwa kumlamba. Katika kitabu cha tatu, The Farthest Shore cha mwaka 1972, nchi iliyo nyuma ya ukuta inaonekana wazi, nchi kavu isiyo na upepo, ambamo waliokufa kwa mapenzi wanapishana njiani wasijuane. Le Guin hakuridhika na nchi hiyo aliyoiumba. Aliirudia baada ya miaka mingi, na katika The Other Wind cha mwaka 2001 akaubomoa ukuta, wafu wakaachiliwa. Mwandishi aliyekaa zaidi ya miaka 30 na swali moja la mauti, asiache mpaka alitengeneze, ndiye ninayemwita mwaminifu kwa kazi yake.

Wauza vitabu hawakuwa waaminifu kiasi hicho. Jalada la kwanza, lililochorwa na Ruth Robbins, lilimwonyesha Ged mwenye rangi yake. Lakini majalada mengi yaliyofuata yalimfanya mweupe, kwa hoja ile iliyosemwa tena na tena katika biashara hiyo, kwamba uso mweusi hauuzi. Mwaka 2004, kituo kimoja cha televisheni cha Marekani kilipotengeneza mchezo kutokana na vitabu hivyo, Ged alichezwa na kijana mweupe, na Le Guin, akiwa na miaka 75, aliandika hadharani kulalamika kwamba hakushauriwa na kwamba visiwa vyake vimepakwa chokaa. Mwaka 2009 mkasa ukajirudia kwa Liar cha mwandishi wa Australia Justine Larbalestier, kitabu cha msichana mwenye asili ya Kiafrika ambaye kijana aliyempenda kwa siri ameuawa, naye hana idhini ya kumlilia mbele ya watu. Jalada lililoandaliwa kwa soko la Marekani lilikuwa na uso wa msichana mweupe, likabadilishwa baada ya makelele makubwa, ya mwandishi mwenyewe yakiwemo. Msichana yule alinyimwa maombolezo ndani ya hadithi, kisha akanyimwa uso nje yake.

Hata hivyo, mimi naiona hatua kubwa kuliko zote kuwa ilikwisha pigwa kabla ya hayo, mwaka 1982, na Virginia Hamilton wa Yellow Springs, Ohio, mjukuu wa mtu aliyeokoka utumwani, ambaye mwaka 1975 alikuwa mwandishi mweusi wa kwanza kupewa nishani ya Newbery ya vitabu vya watoto. Kitabu chake Sweet Whispers, Brother Rush hakina mazimwi wala falme. Kina msichana wa miaka 14, Teresa, aitwaye Tree, anayemlea peke yake kaka yake Dab, mwenye miaka 17 na akili iliyochelewa, kwa kuwa mama yao anafanya kazi ya uuguzi wa majumbani huko mbali, huonekana nyumbani kwa nadra, akileta chakula na fedha, kisha hutoweka tena. Tree anampikia Dab, anamwogesha, anamtazama akilalamika maumivu asiyoweza kuyaeleza. Siku moja, katika kijichumba cha nyumbani anamochora picha zake, anamwona kijana mtanashati aliyevaa suti nzuri amesimama katikati ya meza, si juu yake bali ndani yake, miguu yake imepita ubao kana kwamba si kitu. Ni Brother Rush, mjomba wake, aliyekwisha kufa. Mkononi ana kitu mfano wa kioo, na Tree akikitazama anaingia katika siku za zamani, anamwona mama yake alipokuwa kijana, na anayaona kwa macho yake mambo ambayo mama hakuyasema: jinsi Dab alivyoteswa alipokuwa mdogo, na jinsi wajomba walivyoandamwa na ugonjwa uliomo katika damu ya ukoo, porifiria.

Ugonjwa huo ndio uliokuwa ukimla Dab, na Dab anafia hospitalini. Hapo Hamilton anafanya jambo ambalo hekaya za kabla yake hazikulifanya kwa mtoto mweusi: anamwacha Tree akasirike. Msichana anamkasirikia mama yake kwa kutokuwapo, kwa kuyajua maradhi na kunyamaza, kwa kumpenda mtoto mmoja kuliko mwingine, na hasira hiyo haiharakishwi wala haipambwi kwa hekima za watu wazima. Mazishi yanapangwa, gharama zinahesabiwa, watu wanakuja, naye anakaa na ghadhabu yake na jitimai yake mpaka anachoka. Jini au kizuka katika hadithi nyingi huja kumtisha mtoto au kumfurahisha. Huyu wa Hamilton amekuja kumpa Tree nasaba yake, ili apate kujua ni msiba wa nani anaoulilia, maana si wa Dab peke yake.

Mwaka uliofuata mwandishi huyu alikwenda mbali zaidi, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki atafurahi: katika The Magical Adventures of Pretty Pearl alimshusha mtoto wa miungu kutoka Mlima Kenya, naye pamoja na kaka yake wakaiandama merikebu ya watumwa kwa umbo la ndege wa baharini mpaka Georgia. Miungu yenyewe, kwa maneno mengine, ilifuata msiba ng'ambo. Sisi ambao fasihi yetu ina Al-Inkishafi, utenzi uliosimama katika magofu ya Pate na kuwauliza waliokuwa humo wamekwenda wapi, tunaujua msiba wa namna hiyo, usio wa mtoto mmoja na mama mmoja bali wa mji mzima. Na ndio msiba ambao waandishi weusi wa Marekani waliuingiza katika hekaya za vijana, wakaupanua ukumbi ambao MacDonald na Lewis waliujenga kwa kipimo cha chumba kimoja cha mgonjwa.

Walioifuata njia hiyo hawakuwa wengi kwa muda mrefu. Kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, kilipohesabu vitabu vya mwaka 1985, kiliona kwamba katika vile vipatavyo 2,500, vilivyotungwa au kuchorwa na Wamarekani weusi vilikuwa 18 tu. Na mwaka 2014 mwandishi mkongwe Walter Dean Myers aliandika katika New York Times, miezi michache kabla ya kufariki, akitaja kwamba katika vitabu 3,200 vya mwaka 2013, vilivyohusu watu weusi vilikuwa 93.

Baina ya hesabu hizo mbili kuna Rue. Suzanne Collins, katika The Hunger Games ya mwaka 2008, ambayo ni riwaya ya ulimwengu wa kubuni ulioharibika kuliko hekaya ya uchawi, alimwandika mtoto wa miaka 12 mwenye ngozi ya kahawia iliyokolea, mwepesi mitini kama ndege, anayeuawa uwanjani kwa mkuki, na shujaa Katniss anamfunika kwa maua. Wasomaji kwa malaki walilia. Mwaka 2012 filamu ilipotoka, na Rue akachezwa na msichana mweusi kama kitabu kilivyosema, baadhi ya wale wale waliolia walighadhibika, wakakiri hadharani kwamba huzuni yao imepungua. Sifahamu ushahidi ulio dhahiri kuliko huo wa jambo ninalolisema: waliyemlilia walikuwa wamempaka rangi yao kwanza. Na hata ukimwacha Rue katika rangi yake, kifo chake katika kitabu ni chombo cha kumwamsha Katniss. Mama yake Rue na wadogo zake, waliobaki huko kwao mashambani, tunawaona kwa mbali, hatukai nao matanga.

Miongoni mwa walioumizwa na ghadhabu ile alikuwamo Tomi Adeyemi, binti wa wazazi wa Nigeria aliyezaliwa Marekani mwaka 1993, ambaye mwaka 2018 alitoa Children of Blood and Bone. Zélie, msichana wa nchi ya Orïsha, alimwona mama yake akichukuliwa na kuuawa na askari wa mfalme usiku ambao wachawi wote waliangamizwa, na kila akigusa sihiri anaugusa usiku ule. Adeyemi hakuficha chimbuko la kitabu: mwishoni alieleza kwamba alikiandika akilia kwa habari za watu weusi waliokuwa wakipigwa risasi na polisi, na akawaomba waliowalilia wahusika wake wawalilie pia watoto wa kweli waliouawa. Mwaka wa pili yake Kwame Mbalia, katika Tristan Strong Punches a Hole in the Sky, alimpeleka kijana wa Chicago aliyefiwa na rafiki kwenye ulimwengu wa mashujaa wa ngano, Anansi na John Henry, akimfuata kibwengo aliyemnyang'anya daftari la marehemu.

Wako wasomaji, na wengi wao ni weusi, waliochoka na haya yote, wakiuliza kama mtoto mweusi hawezi kuingia katika hekaya ila kwa kilio, na kwa nini asipande joka kwa furaha tu kama wenziwe. Swali ni la haki, na wachapishaji wanaopenda machozi kuliko vicheko wanastahili kuulizwa. Lakini kumwua mtoto mweusi ili mwingine alie ni jambo moja, na kumpa yeye mwenyewe maiti wake, jamaa zake, ghadhabu yake na wakati wake wa kulia ni jambo jingine. La kwanza lilikuwapo siku zote, la pili ni la juzi.

Kilicho karibu zaidi na moyo wangu katika hili la pili ni Legendborn cha Tracy Deonn, kilichotoka mwaka 2020, mwandishi akiwa naye amefiwa na mama. Bree Matthews, wa miaka 16, mama yake amekufa kwa ajali ya gari, naye anaondoka kwenda Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill akiwa ameigawa nafsi yake pande mbili, Bree wa kabla na Bree wa baada, akiusukuma wa pili ndani kila unapotaka kupasuka. Huko anagundua kwamba kumbukumbu yake ya usiku wa hospitali imechezewa kwa sihiri, na kwamba kipo chama cha siri cha wazao wa mashujaa wa Mfalme Arthur, weupe takriban wote, ambao wanazijua nasaba zao kwa karne kumi na tano na kuzitundika ukutani. Ilhali yeye hawezi kupita vizazi vichache nyuma ya mama yake bila kugonga utumwa, ambamo majina hukatika. Mtaalamu wa nafsi aliyepewa ili amsaidie, mwanamke mweusi aliyemjua mama yake, anamfundisha kwamba waliotangulia wanaweza kuitwa, nao huja.

Deonn hakulazimika kubuni mahali. Makaburi ya kale ya Chapel Hill, yaliyoanzishwa mwaka 1798, yapo hadi leo, na sehemu walimozikwa watu weusi, waliokuwa watumwa na wazao wao, imetengwa na sehemu ya weupe kwa ukuta mfupi wa mawe, upande mmoja nguzo na sanamu, upande wa pili makaburi mengi yasiyo na jina, mengine yakiwa na jiwe la shambani tu kichwani. Chuo chenyewe kilijengwa kwa mikono ya waliolala upande huo. Le Guin aliuweka ukuta wake baina ya wahai na wafu. Huu wa North Carolina unapita baina ya wafu na wafu, na Bree hana budi kuuvuka ili apate kumlilia mama yake kwa ukamilifu, kwa kuwa mama naye alikuwa binti aliyefiwa na mama, na nyanya vile vile, mpaka kumfikia Vera, mwanamke aliyekuwa mtumwa, aliyenajisiwa na bwana wake akakimbia na mimba. Bwana yule alikuwa wa damu ya Arthur. Kwa hiyo upanga ambao chama kizima kilikuwa kikimngojea mrithi wake unamjia msichana ambaye wengi wao hawakutaka hata aingie mlangoni, naye anautwaa akiwa na sauti ya Vera upande mmoja na ya Arthur upande wa pili, bila ya kusamehe lililofanywa ili damu mbili hizo zikutane. Kitabu kilichofuata, Bloodmarked cha mwaka 2022, kinaanzia hapo, wakuu wa chama wakikataa kumtambua.